Faili la Kompyuta Namba Tano

Kila asubuhi katika kambi yetu ya polisi huanzia bombani. Kabla jua halijapanda vizuri juu ya Jinja, jerikani za njano zimeshapangwa mstari kutoka bombani hadi ukuta wa kituo cha polisi, na kila moja ina alama yake ya rangi ili mwenyewe asinyang'anywe nafasi. Ya kwetu ina mistari miwili myekundu. Mama yangu, Betty, anaamini kwamba ukigeuza kisogo tu, kuna mtu atakayeisukuma jerikani yako nyuma. Nami nilikua nikiamini hivyohivyo. Nilizoea kutazama mikono ya watu kabla ya kutazama nyuso zao.

Tena mimi ni mtoto wa mpelelezi. Baba yangu, Afande Cleophas, yuko idara ya upelelezi. Miaka miwili iliyopita alihamishwa kutoka Mbale, tukaja naye Jinja, tukamwacha bibi yangu huko Mbale, mtaa wa Nabuyonga. Baba ni Mgisu na Mama anatoka kaskazini, kwa hiyo nyumbani tunaongea Kiswahili cha kambini. Shuleni wenzangu wa darasa la sita walinitania kwa kuniita "Afande Gorreti", wakidhani nitaudhika. Kusema kweli, nililipenda sana jina hilo, na ndilo lililoniponza.

Madamu Racheal, mwalimu wa klabu yetu ya kompyuta, alipotuambia kila mmoja atengeneze programu yake ya kwanza ya wavuti, sikuhangaika kutafuta wazo. Yangu niliiita Foleni ya Maji. Mtu angeandika jina lake na idadi ya jerikani zake, programu ingempa namba, na namba haisukumwi kwa mguu.

Klabu ilikutana Jumanne na Alhamisi baada ya masomo. Tulikuwa na kompyuta mpakato sita kuukuu, kila moja imepakwa namba nyeupe kwenye kifuniko. Mimi nilitumia namba tano. Madamu alitupa sote mfano mmoja wa kuanzia, ndiyo maana kurasa zetu zote zilikuwa na utepe wa kijani juu. Kazi yenyewe ilikwenda hivi: unaandika maagizo yako kwenye faili na kuyahifadhi. Kisha unafungua dirisha dogo jeusi, unaandika amri ya kuwasha, na dirisha hilo linakujibu kwamba programu imewaka, linakupa na anwani yake ya tarakimu. Anwani hiyo unaiandika kwenye kivinjari, na ukurasa wako unatokea.

Kwa wiki tatu yangu ilikataa. Leo nimesahau mabano, kesho nimesahau nukta mbili. Lakini Jumanne moja nilipobonyeza, ukurasa ukafunguka: KARIBU KWENYE FOLENI YA MAJI. Nikaandika "Mama Gorreti, jerikani nne", nayo ikanipa namba moja. Nilipiga yowe hadi Mwalimu Herbert, naibu mwalimu mkuu, akachungulia dirishani.

"Kuna nini humo?"

"Imewaka, Mwalimu! Imewaka!"

"Nini kimewaka? Leteni mchanga!"

Tulicheka hadi machozi yakatutoka. Madamu Racheal alipomaliza kumtuliza, alitukumbusha jambo ambalo sote tulilijua. Jumamosi kungekuwa na maonyesho ya shule huko Mbale, na shule yetu ilikuwa na nafasi moja tu. Yeye mwenyewe angetangulia Mbale kesho yake kuandaa ukumbi, angerudi Ijumaa asubuhi, na siku hiyo klabu ingechagua programu ya kwenda. Niliiona meza yangu Mbale, na bibi yangu kaja na kitenge chake kipya kunitazama.

Mshindani wangu wa kweli alikuwa mmoja. Hiren, mtoto wa Bwana Bhupendra mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikaa kwenye kompyuta namba mbili na hakuwa msemaji. Hakuna aliyejua anatengeneza nini. Ukipita nyuma yake, anafunika skrini kwa kiganja. Mtu anayefunika, anafunika nini? Nililiweka swali hilo akilini.

Kabla ya kutoka niliandika anwani yangu kwa kalamu kwenye kiganja: 127.0.0.1:5000. Kisha nikafunga kila kitu kama tulivyoagizwa, kivinjari, dirisha jeusi na kifuniko, nikaenda zangu nyumbani nikiimba.

Jumatano wakati wa mapumziko nilimvuta rafiki yangu Namono hadi chumba cha kompyuta nimwonyeshe maajabu. Namba tano haikuwepo, karani alikuwa ameichukua kuchapia mitihani. Nikasema si kitu, anwani ninayo kiganjani. Nikafungua kifuniko cha namba mbili, iliyokuwa karibu, nikaandika tarakimu zangu moja baada ya nyingine.

Utepe wa kijani ukatokea. Lakini chini yake hapakuwa na foleni, wala maji, wala Mama Gorreti. Paliandikwa: "Saa mbili asubuhi, kidonge cheupe. Saa nane mchana, nusu ya cha njano. Saa mbili usiku, cheupe tena."

"Hii ndiyo foleni ya maji?" Namono aliuliza. "Mbona ni ya hospitali?"

Nilitazama kiganja changu, nikatazama skrini. Anwani ilikuwa ileile, tarakimu kwa tarakimu. Mtu alikuwa ameing'oa programu yangu kwenye anwani yangu na kupanda yake.

"Kompyuta namba mbili hutumiwa na nani?" nilimuuliza Namono, ingawa jibu nilikuwa nalo.

"Hiren."

Jioni hiyo nilichukua daftari jipya, nikaandika juu ya jalada: FAILI LA UCHUNGUZI. Kwenye ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa, niliandika: MSHUKIWA: HIREN. Nilipigia jina hilo mistari miwili, kama ile ya jerikani yetu.

Alhamisi asubuhi nilianza na Mzee Wahab, mlinzi wa lango, ambaye haendi popote bila redio yake ndogo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Afande mdogo. Leo unamkamata nani?"

"Juzi Jumanne, nani alitoka wa mwisho chumba cha kompyuta?"

Akafikiri. "Yule kijana wa Bhupendra. Madamu alikuwa anafunga mlango, yeye anatoka mbio. Alikuwa na kitu kidogo kakifumba hivi mkononi."

Kitu kidogo, kakifumba mkononi! Nilikiandika hicho nikakipigia mstari.

Mchana wake namba tano ilikuwa imerudishwa. Nilikimbilia kabla ya wengine, nikafungua kivinjari, nikaandika anwani yangu. Safari hii hata vidonge havikuwepo. Skrini iliniambia kwamba ukurasa haupatikani. Nilijaribu mara tatu na jibu likawa lilelile. Kwanza alichukua anwani, nikawaza, sasa amefuta kabisa asije akagundulika. Nililia hapohapo, sifichi. Wiki tatu za mabano na nukta mbili zilikuwa zimekwenda na maji.

Klabu ilipokusanyika, Mwalimu Herbert ndiye aliyesimamia. Yeye hufundisha historia, na kompyuta huzishika kama mtu ashikavyo sufuria ya moto. Nilisimama na daftari langu.

"Mwalimu, kuna mwizi humu ndani."

Nikasoma faili langu lote kwa sauti: kuhusu skrini inayofunikwa, kuhusu Jumanne, kuhusu kitu kilichofumbwa mkononi, kuhusu vidonge kwenye anwani yangu na ukurasa uliopotea. Kila nilipotaja jambo, macho yalimgeukia Hiren. Yeye alizidi kuwa mwekundu masikioni.

"Hiren," Mwalimu Herbert akasema, "siku hiyo ulibeba nini mkononi?"

"Flashi, Mwalimu. Nilikuwa nakopi kazi yangu."

"Kazi yako au ya Gorreti?"

"Yangu."

"Basi tuonyeshe hiyo kazi yako."

Hiren alitazama sakafu. "Sitaki kuionyesha hapa," alisema taratibu. "Lakini sikuchukua kitu cha mtu."

Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Hawa Wahindi wana maduka yote ya mjini, sasa wanataka hata anwani zetu." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, lakini sikumkanya pia, na hilo linaniuma hadi leo. Mwalimu Herbert aliamua kwamba Hiren asiguse kompyuta tena, na jina lake litolewe kwenye orodha ya Mbale mpaka jambo lijulikane. Hiren akachukua mkoba wake, akatoka bila kunitazama. Nikajiambia kwamba asiye na kosa hawezi kutoka hivyo.

Baba aliporudi kazini jioni hiyo, nilimkabidhi daftari hata kabla hajavua viatu. Nilitarajia sifa. Alikaa kwenye kigoda nje ya mlango wetu, akafungua ukurasa wa kwanza, akabaki pale muda mrefu kuliko nilivyotaka.

"Hapa nimeona jina la mshukiwa," alisema. "Wizi wenyewe uko ukurasa gani?"

"Wa tatu, Baba."

"Kwa hiyo ulimpata mwizi kwanza, ndipo ukaenda kumtafutia wizi."

Mama, aliyekuwa anachambua mchele, aliinua kichwa. "Banange! Jamani, Afande, mtoto kaibiwa na wewe unamhoji yeye?"

"Namuuliza tu. Gorreti, kitu kilichoibiwa ulikihifadhi wapi?"

"Kwenye faili, ndani ya namba tano."

"Hilo faili ulilifungua ukakuta halina kitu?"

Sikuwa nimelifungua. Nilitazama kivinjari tu.

"Mtu anakuja kituoni ananiambia ng'ombe wake ameibiwa," Baba akasema. "Namuuliza, zizini umetazama? Ananiambia hapana, ila namjua aliyemwiba. Nimfanye nini mtu huyo?" Akafunga daftari. "Kesho nitapita shuleni kwenu kabla ya kwenda kazini. Tutatazama zizini."

Ijumaa asubuhi Madamu Racheal alishuka kutoka Mbale akiwa bado na vumbi la safari kwenye viatu. Baba alipomweleza yaliyotokea, alituita wanaklabu wote, akamwita Mwalimu Herbert, akaagiza Hiren aitwe. Baba alisimama kando ya mlango, mikono nyuma. Sijawahi kuona chumba kile kikiwa kidogo namna ile.

"Gorreti," Madamu alisema, "kaa kwenye namba tano. Fungua faili lako."

Nililifungua. Maagizo yangu yote yalikuwemo, mstari kwa mstari, hata neno "jerikani" nililokuwa nimelikosea nikalisahihisha.

"Sasa fungua dirisha jeusi, andika amri ya kuwasha."

Nikaandika, dirisha likajibu. Nikafungua kivinjari, nikaandika anwani. KARIBU KWENYE FOLENI YA MAJI. Chini yake: Mama Gorreti, jerikani nne, namba moja.

Kuna mtu alisema "Eh!"

"Jumanne ulipomaliza, ulifunga dirisha jeusi?" Madamu aliuliza.

"Ndiyo, Madamu. Ulituagiza."

"Dirisha hilo ndilo moto wa jiko. Ukilifunga, programu imezimika, ingawa kazi yako iko palepale. Jana ulitaka chai kwenye jiko ambalo hukuliwasha." Akaenda namba nne, ambayo haikuwa imewashiwa programu yoyote, akaandika anwani ileile. Ukurasa haukupatikana. "Na anwani hii si ya nyumba inayojulikana mji mzima. Maana yake ni 'hapa nilipo', basi. Mtu wa Masese hapa Jinja akisema 'hapa nilipo', ni Masese. Mtu wa Nkoma kule Mbale akisema hivyohivyo, ni Nkoma. Ukiiandika kwenye namba tano, unapata kilicho ndani ya namba tano. Ukiiandika kwenye namba mbili, unapata kilichowashwa ndani ya namba mbili. Bado tuko kwenye mazingira ya kutengenezea, watoto. Kila mtu anapika jikoni kwake, na hakuna aliyepakua mezani kwa watu."

"Basi ile ya vidonge..." Namono alianza.

"Ni yangu," Hiren alisema. Alikuwa amesimama mlangoni, mkoba bado mgongoni. "Jumanne nilifunga kifuniko tu, nikasahau kuzima. Ni dawa za bibi yangu, Ba Ansuya. Anasahau kama amekunywa au bado. Siku moja alikunywa mara mbili, tukampeleka hospitali. Kwa hiyo nikamtengenezea hii. Akinywa, anabonyeza, inabaki alama. Kwenye flashi nilikuwa nampelekea, anaitumia kwenye kompyuta ya dukani." Akaushusha mkoba wake. "Sikutaka watu wajue bibi yangu anasahau."

Nilitamani sakafu ipasuke. Nilikumbuka kila jicho lililomgeukia jana, nikakumbuka ule mnong'ono na vicheko vyake. Nilitazama upande wa Baba nikitumaini atanisaidia, lakini Baba alikuwa anatazama dari. Nikaelewa kwamba nililolisema mbele ya watu nitalifuta mbele ya watu.

Nilisimama. "Hiren, nilikuita mwizi na hukuiba chochote. Mimi ndiye niliyezima programu yangu mwenyewe. Nisamehe. Na wote mliosikia jana, mjue nilikosea."

"Ungeniuliza tu," Hiren alisema. "Ungekuja peke yako ukaniuliza, ningekuambia."

Maneno hayo yaliniingia kuliko kama angenitukana. Mwalimu Herbert naye alikohoa, akavua miwani, akamwambia Hiren kwamba hata yeye alihukumu bila kufahamu, na akalirudisha jina lake kwenye orodha kwa mkono wake mwenyewe.

Ikaja saa ya kuchagua. Madamu aliuliza ni programu ipi iende Mbale, yangu au ya Hiren, na akamuuliza Hiren kwanza kama yuko tayari kuionyesha. Hiren alisema yuko tayari, kwa sababu sasa wote wameshajua na hakuna aliyecheka. Mimi nilimfikiria bibi yangu wa Nabuyonga na kitenge chake. Kisha nikafikiria kwamba Foleni yangu haijawahi kuonwa na hata mtu mmoja wa bombani, na ya Hiren ina mtu anayeibonyeza kila siku. Niliinua mkono kwa Hiren. Ulikuwa mzito, sitadanganya, na ya Hiren ndiyo iliyochaguliwa.

Tulipotoka, Baba alinirudishia daftari langu langoni.

"Nilichane?" nikauliza.

"Hapana. Tumia kurasa zilizobaki. Kuanzia leo, ukurasa wa kwanza andika kilichotokea. Wa pili, ulichokiona kwa macho yako. Wa tatu, maswali uliyouliza na majibu uliyopewa. Jina la mtu, kama lipo, liache hadi mwisho." Akapandisha mkanda wake. "Nimeona mengi katika kazi hii, mwanangu. Jina likitangulia, mwenye jina akicheka ana kosa, akinyamaza ana kosa, akilia ana kosa. Hawezi kutoka tena. Kushuku si dhambi, hata mimi nalipwa kwa kushuku. Lakini chunguza mkono wako kwanza, ndipo uchunguze wa jirani."

Jumamosi asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya maji, wa saba, Baba akiwa kando yangu, simu yake ilipolia. Alisikiliza kidogo, akanipa. Ilikuwa simu ya Madamu, lakini sauti ilikuwa ya Hiren, na ilikuwa ya mtu anayekaribia kulia.

"Gorreti, haifunguki! Madamu yuko jukwaani, hawezi kuja. Watu wanakaribia kufika mezani kwangu. Kuna kijana wa shule nyingine alikuwa anaishikashika kompyuta hapa, nadhani ndiye..."

"Hiren," nilisema, "usimtaje bado. Dirisha jeusi liko wazi?"

Nilisikia zogo la ukumbi, na vidole vikigonga.

"Nililifunga nilipoiweka kompyuta kwenye begi," alisema kwa sauti ndogo. "Ngoja. Ngoja... Imewaka!" Alicheka, nami nikacheka hadi wanawake wa bombani wakageuka kunitazama. Kisha akaongeza, "Kuna bibi mmoja hapa mwenye kitenge kipya. Anasema alikuja kukuona wewe. Nimemweleza yote, sikuficha. Sasa ameketi kwenye kiti changu, anataka nimwandikie vidonge vyake vya presha."

Nilimwambia amsalimie sana na amwandikie kwa herufi kubwa, kwa kuwa miwani yake ni ya zamani. Kisha nikamrudishia Baba simu.

"Vipi huko Mbale?" Baba aliuliza. "Mmemkamata mtu?"

"Hakuna, Baba. Lilikuwa dirisha."

Alitikisa kichwa akitabasamu, akaisogeza mbele jerikani yetu yenye mistari miwili myekundu, maana foleni ilikuwa imesonga.

"Basi faili lifungwe?"

"Lifungwe, Afande," nikamjibu.